Kamba Moja ni Maji

3 Oktoba

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye benchi lako nje ya mlango, miguu haijavimba, na macho bado yanasoma bila kuazima miwani ya fundi viatu. Mimi nipo, nakula, napumua, naamka kwenda kazini. Nitaandika kwa utaratibu wangu uleule unaokuchekesha: kwanza afya, pili kazi, tatu maswali.

Kwanza afya. Mifupa imetulia tangu Julai. Selimundu ikinipa likizo ndefu hivi, mimi huanza kutembea kama mtu mwenye nyumba yake. Kilichobaki ni kichwa tu. Kinauma upande wa kushoto, juu ya jicho, karibu kila siku, kikianza asubuhi nikiwa mezani. Usishtuke. Ni kamba moja.

Nilipomwambia Vifungo hivyo hakuelewa. Huyu Vifungo ndiye msichana ninayekaa naye chumba kimoja. Anashona vifungo kwenye karakana yetu, ila mdomo wake mwenyewe hauna hata kimoja. Ikabidi nimweleze. Kwamba Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na msumeno wa kiwandani ulikuwa umeshakula masikio yako, kwa hiyo nikilia usiku kwa maumivu ya mifupa hukusikia. Ndipo ukatoboa ukuta wa mbao kwa keekee, ukapitisha kamba nyembamba ya katani kutoka kitandani kwangu hadi kwenye kifundo cha mkono wako. Nikivuta mara moja, maji. Mara mbili, kitambaa cha maji moto. Mara tatu, hospitali. Na wewe ulinijibu kwa kuvuta mara moja, maana yake: nimeamka.

Vifungo akasema, "Kwa hiyo wewe ulilelewa kama mbuzi?" Tulicheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Kliniki ya damu nilikwenda. Daktari ni kijana, mpole, anaandika haraka. Akaniuliza, "Dada, kichwa kinauma kiasi gani, kuanzia moja hadi kumi?" Nikapima kwa haki. Kumi ni ile wiki ya nyonga, unaikumbuka, nilipouma mto hadi sufi ikatoka. Nikamjibu mbili. Akaandika mbili, akanipa vidonge vya maumivu, akasema nirudi Novemba. Kikizidi atanitafutia nafasi ya picha ya kichwa hospitali kuu.

Pili kazi. Karakana imepata sare za shule kadhaa na zote zinatakiwa kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mimi nakata. Tunatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, nachora kwa chaki kufuata karatasi za vipimo, halafu napitisha mkasi wa umeme. Ukikosea mstari mmoja umekosea mashati arobaini. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Rula, kwa kuwa hatembei bila rula yake. Hata chai anaielekezea kwa rula. Amesema mkuu wa meza ya ukataji anastaafu mwisho wa mwaka, naye anamtaka mtu ambaye mkono wake haukosei. Alikuwa ananitazama mimi, Baba. Nilisimama wima kama sindano.

Hajui ugonjwa wangu. Unakumbuka nilikoanza kazi, nilivyolazwa wiki moja nikarudi nikakuta kiti changu kimekaliwa. Safari hii hajui mtu ila Vifungo, na nimemwapisha.

Tatu maswali. Paa la jikoni limezibwa? Sista wa zahanati bado yupo? Na jioni unakula, au unajidanganya kwa chai?

Mwanao.


14 Oktoba

Kwako mama yangu mdogo, uliyechukua jina la mama yangu na ukali wake pia,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi ni mzima kama mzee anavyoweza kuwa mzima, yaani kila kiungo kinalalamika kwa zamu, hakuna kusukumana. Barua yako niliisoma benchini nikacheka peke yangu. Fundi viatu akaniuliza kwa mikono, kuna nini? Nikamwonyesha neno "mbuzi". Mwambie huyo Vifungo amekosea mnyama. Aliyefungwa kamba usiku kucha nilikuwa mimi.

Paa limezibwa. Sista yupo, kila nikienda kupima presha ananiuliza, "Binti yetu?" nami nasoma midomo yake na kumjibu kwa dole gumba. Jioni nakula. Usinipeleleze.

Kuhusu kichwa, sina neno jipya. Kamba moja ni maji. Kunywa hata kama huna kiu, damu yako hukauka kabla ya za wenzako. Funika kichwa juani. Wewe na mimi tumeyajua maumivu hayo kabla huyo daktari hajaota ndevu, na sijawahi kuona umevuta kamba isivyo.

Kuhusu kumficha msimamizi wako, sipendi, lakini sikulaumu. Mimi nilimficha msimamizi wangu masikio muda mrefu. Nilisoma midomo ya watu, nikacheka wakicheka, nikainua gogo wakiinua. Mtu mwenye kazi huilinda kama jicho.

Mkuu wa meza! Nimeanza kumwambia kila mtu. Kama wapo wanaobisha, bahati yao mbaya, siwasikii.

Baba yako.


2 Novemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Miguu inasemaje, na ile presha? Huku tupo, tunaisukuma siku nayo inatusukuma.

Kwanza afya. Mifupa kimya. Kichwa kingali palepale, kamba moja, na maji nakunywa hadi Vifungo anasema nitaota majani. Kliniki ya mwezi huu sitakwenda. Siku yenyewe imeangukia kwenye sare za shule ya pili, na kuomba ruhusa kunataka sababu. Nitakwenda Desemba. Maneno nayo yamekuwa mavivu kidogo. Nashika chaki mkononi halafu naomba mtu aniletee chaki, au nalitafuta jina la kitu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Ni uchovu. Karakana nzima imechoka.

Pili kazi. Nikuchekeshe. Juzi nilikata mikono ya mashati, tabaka zote. Ukikata mkono wa shati lazima uigeuze karatasi ya kipimo, ndipo upate wa kulia na wa kushoto. Mimi sikugeuza. Nikakata yote ya kushoto, na sikuona lolote hadi washonaji walipoanza kuulizana. Bwana Rula akaja, akanyanyua mkono mmoja, akanyanyua mwingine. Akasema, "Dada, hebu nielimishe. Hii ni shule gani yenye watoto wa mkono mmoja?" Walicheka hadi mashine zikasimama. Lakini hakukasirika, alisema hata mkono bora huteleza. Nikabaki jioni nikakata ya kulia kutoka kitambaa cha akiba.

Vifungo ndiye hakucheka. Tulipofika chumbani alisimama mlangoni kama polisi.

"Kesho unakwenda hospitali."

"Kesho tuna kola."

"Basi nitamwambia Rula mwenyewe."

"Ukimwambia, utalala nje."

"Nitalala nje, lakini nina rafiki mwenye kichwa."

Tukanuniana siku mbili. Ya tatu alinishonea kifungo kilichokatika kwenye gauni langu bila kuniambia, nami nikajifanya sijaona, tukawa tumepatana.

Tatu maswali. Nimekutumia shati la kazi kwa dereva wa basi. Limefika? Mabega yanakutosha?

Mwanao.


11 Novemba

Kwako mama yangu mdogo,

Marahaba. Shati limefika na mabega yamekaa kama nilizaliwa nalo. Mikono ni miwili, nimehakikisha. Nilimwigizia fundi viatu kisa chako chote, mimi nikiwa Bwana Rula na soli ya kiatu ikiwa rula, akacheka hadi misumari ikamtoka mdomoni.

Kuna jambo linanisumbua, ila sijui nilishike wapi. Ulipokuwa mtoto ukivuta mara moja nilikuletea maji, ukanywa, ukalala. Siku hizi unavuta, unanywa, unavuta, unanywa. Kamba moja inayovutwa mwezi mzima sijawahi kuiona. Nenda kliniki hiyo. Kola hazina miguu, hazitakimbia.

Lakini wewe ndiye unayekaa ndani ya mwili huo, mimi ni jirani tu. Ukisema ni moja, ni moja.

Baba yako.


23 Novemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Hujambo? Miguu? Nimefurahi hata utaratibu umenikimbia, kwa hiyo leo kwanza kazi. Bwana Rula amenitangaza mbele ya watu wote. Kuanzia Januari mimi ndiye mkuu wa meza! Alinikabidhi rula, Baba, akaniambia niishike dakika moja nijue uzito wake, kisha akaichukua. Vifungo alipiga vigelegele huku analia. Sijui alikuwa analia nini.

Pili kazi. Nikuchekeshe. Juzi nilikata mikono ya mashati, yote ya kushoto, sikugeuza karatasi. Bwana Rula akanyanyua mmoja, akanyanyua mwingine, akasema, "Dada, hii ni shule gani yenye watoto wa mkono mmoja?" Sijui kwa nini sikukuandikia mapema, ungecheka sana.

Tatu maswali. Nimekutumia shati la kazi, limefika? Mabega yanakutosha?

Kichwa ni kamba moja. Shajara yangu nimeiacha kwa muda. Nakaa kuandika siku ilivyokwenda, na niliyotaka kuandika yanaondoka kabla kalamu haijagusa karatasi. Hata hii barua niliianza Jumapili.

Tatu, nimekutumia shati kwa dereva. Limefika?

Mwanao.


3 Desemba

Mama yangu,

Leo salamu zitasubiri. Isome barua hii umekaa, na ukimaliza mpe Vifungo naye aisome.

Nilizilaza barua zako mbili sambamba kwenye benchi. Kisa cha mikono ya mashati umenisimulia mara mbili, na mara ya pili kama mtu ambaye hajawahi kukisimulia. Shati nilikujibu kwamba limefika. Umeniuliza tena, na katika barua hiyohiyo ukauliza tena. Wewe, ambaye ukiwa darasa la tano ulinikosoa tarehe ya kliniki niliyoandika nyuma ya mlango.

Nilizichukua nikaenda zahanati. Sista anajua mambo ya kamba tangu ukiwa mdogo, kwa hiyo nilimwambia, ni kichwa tu, kamba moja. Akaniweka uso kwa uso ili nione midomo yake vizuri.

"Baba, usiniambie kinauma kiasi gani. Niambie anasahau nini."

Nikampa barua. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye shati la pili alivuta kigoda akakaa.

Nakuandikia alivyonieleza. Damu yenu inapopinda kama mundu huziba mishipa. Ikiziba kwenye mfupa, mfupa hupiga kelele, ndiyo maana wewe na mimi tumezoea kusikiliza kelele. Lakini ubongo wenyewe hauna maumivu. Kipande kinaweza kukosa damu kikafa, na mwenyewe yuko mezani anakata kitambaa. Ni kiharusi, anasema, ila kidogo na cha kimya, na kikija kimoja kingine kinajua njia. Watu wengi wenye selimundu huumwa kichwa cha kawaida kama mtu mwingine yeyote. Ila kichwa kisichoondoka, tena kinachokuja na kusahau, au maneno kupotea, au mkono kulegea, hakipimwi kwa ukali wake. Mtu hukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Hupigwa picha, huongezewa damu, na huenda akaongezewa kila mwezi ili kingine kisije. Ipo dawa ya kuzuia, mama. Ya kurudisha kilichokufa ndiyo haipo.

Nilipaswa kujua kuliko wote. Masikio yangu hayakuniuma hata siku moja yalipokuwa yanakwenda.

Ile sheria ya kamba niliitunga mimi, na niliitunga kwa ajili ya mifupa. Kwa kichwa naifuta leo. Kichwa hakina moja wala mbili. Kichwa ni tatu.

Sista alipiga simu karakana kwenu tukiwa pale. Alipokea Bwana Rula. Nilikuwa namtazama Sista midomo akirudia maneno yake: "Yuko mezani, anakata. Mzima kabisa. Nimwite? Kazi ni nyingi." Sista akaziba simu kwa kiganja akaniuliza, nimwambie ugonjwa wake? Nikakumbuka kiti kilichokaliwa. Nikatikisa kichwa kukataa. Akaacha ujumbe tu kwamba uandike nyumbani.

Sasa sijui kama nilitikisa vizuri.

Nenda hospitali kabla hujaikunja barua hii.

Baba yako.


4 Desemba

Kwako Baba,

Shikamoo. Bwana Rula amesema nyumbani wanataka niandike, basi naandika. Hamjambo wote?

Mimi sijambo sana. Kazi nzuri. Jana asubuhi mkono wa kulia ulilala. Nilikuwa nashika kikombe kikaanguka, na nilitaka kumwambia Vifungo pole kwa kikombe chake, likatoka neno lingine, likatoka "kola". Tulicheka. Yeye hakucheka. Baada ya muda mkono ukaamka wenyewe, na maneno yakarudi, na nikaenda kazini na nikakata vizuri kabisa.

Haukuuma hata kidogo, Baba. Hata kamba moja haukufika. Kwa hiyo usihofu.

Kliniki nitakwenda tukimaliza sare za

Vifungo anataka nimalize tulale. Shati limefika?

Mwanao.


13 Desemba

Mama yangu,

Barua yako ya mkono uliolala nimeipata leo mchana. Nimeisoma nimesimama katikati ya njia, na watu walinipita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe.

Nakuja. Basi linaondoka kesho alfajiri, nitakuwa kwenu keshokutwa. Barua hii nampa dereva wa leo ili initangulie. Sitaki uniandalie kitu. Ukiipata, usiende kazini, usinisubiri, nenda hospitali.

Wewe Vifungo, najua unaisoma pamoja naye. Mwanangu alikuapisha. Mimi baba yake nakuapua, nakuvua kiapo hicho. Fungua huo mdomo wako. Mwambie Rula, mwambie daktari, mwambie mwenye nyumba, mwambie kila anayepita.

Navuta upande wangu, mama. Nimeamka.

Baba yako.


2 Januari

Kwako mama yangu mdogo, kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake,

Shikamoo yako haijanifikia, lakini naijua ilipo, kwa hiyo naiitikia hivyohivyo. Marahaba.

Hapa wanaume tunaruhusiwa kuingia mchana na jioni tu. Muda mwingine nipo kwenye benchi la nje, karibu na bomba la maji, ndiyo maana nakuandikia. Vifungo atakusomea. Mimi sauti yangu haina kipimo tena. Juzi nilikunong'oneza jambo la siri na wodi nzima ikageuka.

Nitafuata utaratibu wako.

Kwanza afya. Mimi nilikukuta hapa, sikukukuta chumbani. Ilikupata tarehe kumi na mbili, ukiwa mezani na chaki mkononi. Vifungo alinionyesha kile kitambaa, hawajakigusa. Mstari wako umekwenda umenyooka kama kawaida, halafu umeteremka taratibu hadi ukingoni mwa meza. Bwana Rula ndiye aliyekubeba hadi kwenye gari la karakana.

Daktari wako ni yuleyule kijana. Aliniwekea ile picha kwenye kioo chenye taa. Upande wa kushoto kuna kovu kubwa, jipya, hilo ndilo lililochukua mkono wa kulia na maneno. Kisha akanionyesha mengine kwa ncha ya kalamu, madogo madogo, ya zamani. Nikamuuliza yalikuja lini. Akainua mabega. Tunaongea kwa kuandikiana, mimi na yeye. Alichukua karatasi akaandika: "Aliniambia mbili." Nikaichukua kalamu nikaandika chini yake: "Mimi aliniambia moja." Tukakaa tunaitazama ile karatasi, yeye na koti lake jeupe na mimi na shati lako.

Umeongezewa damu. Alianza kutoa Vifungo, wakafuata washonaji wanne. Utaongezewa kila mwezi, kama ulivyopaswa tangu mwanzo. Mguu unarudi kidogo. Mkono bado. Maneno, daktari anasema tusubiri, na anaposema hivyo anatazama dirishani.

Barua yangu ya tarehe tatu uliipata. Vifungo amenisimulia. Uliisoma, ukacheka, ukasema, "Baba anaongeza chumvi, lakini nitaomba ruhusa kesho." Kesho yake ulikwenda kazini. Jioni ukaikuta kitandani, ukaifungua, ukaisoma kama ndiyo kwanza inafika, ukacheka palepale ulipocheka jana yake. Ndipo Vifungo alipoogopa kweli. Alikuwa amepanga kwenda kwa Rula asubuhi inayofuata, kiapo au si kiapo. Asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Pili kazi. Bwana Rula alikuja kukuona, hakuja na rula. Mikono yake haikujua ikae wapi. Alisema kiti chako hakijakaliwa. Akaniuliza kwa nini hukumwambia, nikamwambia mwajiri wako wa kwanza alikufukuza kwa kulazwa wiki moja. Akasema, "Mimi si yule." Nilimsoma midomo vizuri. Huenda ni kweli. Sasa hatuna namna ya kujua.

Tatu maswali. Ninalo moja, ila lina hadithi.

Wagonjwa wenzako wanakuhurumia kwa kuwa huongei, na mimi kwa kuwa sisikii. Mama wa kitanda cha pili alimwambia Vifungo, "Masikini, hata kuagana hawataweza." Atajuaje kwamba mimi na wewe sauti hatukuitegemea tangu mwanzo?

Nilimwomba Vifungo uzi mnene, ule wa kushonea vifungo vya makoti. Ncha moja nikafunga kwenye mkono wako wa kushoto, nyingine kwenye wangu. Muuguzi aliona, akauacha. Siku za kwanza hukuvuta. Nilikaa na mkono juu ya shuka kama mtu anayevua samaki kwenye ndoo. Juzi ukavuta mara moja. Nilikuletea maji ukanywa yote, na nikalia nikidhani nalia kimya, kumbe nilisikika hadi langoni. Jana ukavuta mara mbili. Muuguzi alichemsha maji, nikakukandia miguu hadi ukalala. Kwa hiyo umo humo ndani, mama. Sheria yetu unayo yote.

Leo mchana umevuta mara tatu.

Nikakuambia, tumeshafika, hii ndiyo hospitali. Ukanitazama. Ukavuta tena mara tatu. Nikamwita daktari, akakupima macho, akakupima presha, akaandika kwenye karatasi yetu: "Hakuna kipya." Ukamngoja aondoke, ukavuta tena.

Nilipoitunga ile sheria nilikuwa na mtoto wa miaka sita, na nilidhani mtu akishafikishwa hospitali hana kingine cha kuomba. Sikuweka ya nne. Nimekaa kwenye benchi hili tangu walipotutoa nikijaribu kuwaza ya nne ingekuwa nini, na yote ninayoyawaza ni mambo nisiyoweza kuyaleta kwa mikono yangu.

Swali langu ndilo hilo, na najua huwezi kuniandikia jibu.

Mlinzi ameinuka, anatafuta funguo. Naingia sasa. Nitakaa upande wa dirisha, nitashika ncha yangu ya uzi. Ukivuta mara tatu, sitakuwa na la kukuletea. Nitavuta mara moja, kama zamani, ujue nimeamka.

Baba yako.